Tikiti jekundu haliongezi damu

Wiki iliyopita mama kijacho wa miezi sita aliniwekea mezani kadi ya kliniki na chupa ya juisi ya tikiti na bitiruti. Kwenye kadi, kiwango cha damu 8.6, pungufu. Vidonge vya madini chuma alivyopewa mwezi uliopita alikuwa navyo mkobani, hata kimoja hakijatobolewa. "Mama mkwe kasema vinachefua, ninywe vyekundu." Alikuwa wa tatu siku hiyo.

Nikatoa simu tukapiga hesabu wote wawili. Wekundu wa tikiti ni rangi ileile ya nyanya, hauhusiani na damu. Gramu 100 za tikiti zina chuma kama miligramu 0.24. Mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 11 za tikiti, na kesho tena. Bitiruti ina nafuu, kama 0.8, lakini bado ni kilo tatu na ushee. Kidonge kinachokaa mkobani mwake kinaweza kubeba hadi 60. Kikikuchefua, kimeze usiku pamoja na chakula. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Na kama damu imeshuka kwa malaria au minyoo, hakuna juisi itakayoizuia isishuke.

Tunda lina kazi yake hapo, tena kubwa: vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma cha kunde, maharage na mlenda. Cha kuchekesha, hapa Dodoma mibuyu imetuzunguka, halafu watu wanapita ubuyu mweupe, wenye vitamini C hiyo, sokoni Majengo wakatafute ule mwekundu, uliopakwa rangi na sukari! Nunua mweupe, ukoroge kwenye uji ukishapoa kidogo, maana moto unaua vitamini C. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya kula, inazuia chuma. Hili la chai nitalisema mpaka nistaafu.

Ndiyo maana nakereka pia na wanaosema tunda likiliwa baada ya chakula linaoza tumboni. Tumbo lina asidi, halina jalala. Pera juu ya ugali na maharage ndiyo mahali pake hasa.

Tufaha la Afrika Kusini kuwa "tunda la hospitali"? Mpelekee mgonjwa mapera. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, tufaha halifiki hata 10. Na divai ya zabibu zetu haisafishi damu ya mtu, mjamzito asiiguse kabisa.

Wenye kisukari mnaoacha matunda yote kisha mnakunywa juisi "isiyo na sukari": glasi moja ni machungwa matatu au manne, nyuzi zote zimebaki kwenye chujio. Kula chungwa moja, na nyama zake.