Ushawishi wa kampuni za simu kwa mdhibiti: maana yake

Kampuni inapompelekea mdhibiti hoja, hesabu au malalamiko ili kanuni iandikwe kwa faida yake, huo ndio ushawishi. Si hongo. Hongo ni jinai chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya Uganda ya 2009. Ushawishi ni haki ya kila mdau, mwenye mtaji na asiye nao. Ila asiye nao haonekani mezani.

Nchini Uganda mdhibiti ni Tume ya Mawasiliano, UCC, iliyoko Bugolobi, Kampala. Huduma mpya ya simu inapoingia sokoni, leseni tu haitoshi. Mvutano mkali huwa kwenye ada ya mwingiliano, yaani pesa ambazo mtandao unaopiga huulipa mtandao unaopokea kwa kila dakika. Tuseme ada ni shilingi 45, na mgeni, yaani kampuni mpya sokoni, anawatoza wateja wake shilingi 60 kwa dakika. Wateja wake bado wachache, kwa hiyo simu zao karibu zote huishia kwa mkubwa, yaani kampuni kongwe yenye wateja wengi. Kila dakika hubakiwa na 15, na humo alipie minara, umeme na kodi. Ada ikishushwa hadi 20, hubakiwa na 40. Ndiyo maana mkubwa huajiri wachumi wathibitishe kwamba kupokea simu kunamgharimu sana. Hesabu hizo anazo yeye mwenyewe, na mdhibiti asiye na wataalamu wa kuzikagua huishia kuzinakili. Kanuni huharibikia hapo.

Wakubwa wengine huomba muda zaidi kabla kanuni mpya haijaanza, kisha huenda mahakamani. Kila mwezi unaopita, mapato ya kanuni ya zamani huendelea kuingia.

Wala si wakubwa pekee. Machi 1996 huko Marekani, ACTA, chama cha kampuni ndogo za simu za masafa marefu, kiliiomba FCC, tume ya mawasiliano ya huko, izuie uuzaji wa programu za kupiga simu kwa intaneti, kwa hoja kwamba wauzaji wake hawalipi ada ambazo kampuni hizo ndogo hulipa.

Turudi Uganda: tangu sheria ya mawasiliano iliporekebishwa mwaka 2017, kanuni za waziri hazihitaji tena idhini ya Bunge, jambo lililopunguza macho ya umma. Mwananchi amebaki na Sheria ya Kupata Habari ya 2005: andika kwa ofisa habari wa tume, taja waraka unaoutaka, naye anapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Siri za biashara anaweza kuzizuia, basi omba sehemu zilizobaki.