Breki ya dramu ni nini, na kwa nini mpigaji mwenyewe hapati kitu

Ukisikia watu wa muziki wanaongelea breki usifikirie ile ya gari, japo ya gari nayo inasaidia kidogo kuelewa: bendi nzima inakanyaga breki, gitaa kimya, besi kimya, tarumbeta kimya, halafu mpiga dramu peke yake ndo hajasimama. Hizo sekunde chache anazobaki mwenyewe ndo breki. Na sio solo jamani. Kwenye solo mpigaji anajimwaga, anazunguka ngoma zote kuonyesha ufundi, ila kwenye breki anaendelea na mdundo uleule aliokuwa nao, ndo maana watu wanacheza badala ya kusimama kumwangalia.

Mfano wa kila siku ni mpiga dramu Mmarekani, Clyde Stubblefield. Kazaliwa 1943 Chattanooga, Tennessee, dramu hakufundishwa na mtu, alikuwa anasikiliza mashine za kiwandani na treni zinavyogonga naye anagonga hivyohivyo. 1965 mwimbaji wa funk James Brown akamchukua kwenye bendi yake, akawa anapokezana na mpigaji mwingine, John "Jabo" Starks. Novemba 1969 wakaingia studio Cincinnati wakarekodi wimbo wa Funky Drummer. Ukiusikiliza toka mwanzo utajiuliza sifa zote hizi za nini, maana dakika kama tano bendi inazunguka palepale, halafu Brown anawaambia wenzake wampishe mpiga dramu, na mpigaji naye anaambiwa asipige solo, ashikilie hapohapo alipo. Bendi inanyamaza. Clyde anabaki mwenyewe kama sekunde 20.

Sasa zisikilize hizo kwa hedifoni. Ngoma ya mguu na mapigo makubwa ya sneya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) utayapata mara moja, ila katikati yake kuna viguso vidogo vidogo, fimbo inagusa tu ngozi kama mtu anayenong'ona, huku matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu yanatembea bila kupumzika na mara mojamoja yanafunguka kidogo, tsss. Hivyo viguso wanaviita noti za mzimu. Ukivitoa mdundo unabaki sahihi kabisa ila umekufa, na hapa ndo wanaojifunza wengi wanakwama, makubwa wanayaweza, madogo wanayapiga kwa nguvu yanageuka kelele.

Breki ilianza kuwa dili 1973 huko Bronx, New York, DJ Kool Herc alivyoona watu wanachizika zaidi breki ikifika, akawa anaweka santuri mbili za wimbo mmoja, breki ikiisha kwenye hii anaiingiza kwenye ile, yaani sekunde zinakuwa dakika. Baadaye zikaja mashine za kusampo zinazokata kipande na kukirudiarudia zenyewe, na 1986 Funky Drummer ikatoka upya kwenye albamu ya mkusanyiko, basi maprodyuza wakaivamia. Wa rap kama Public Enemy wamo, LL Cool J yumo, nyimbo zilizotumia kile kipande zimepita 1,000.

Hapo utasema mzee Clyde alikuwa tajiri. Wapi! Pesa ya sampo inaenda kwa aliyeandikwa mtunzi na kwa mwenye rekodi, na kwenye karatasi mtunzi ni James Brown. Clyde alikuwa mpigaji wa kulipwa, akishapokea chake imeisha hiyo, hata kama mdundo kautoa kichwani mwake haukuhesabiwa kuwa utunzi (melodi inaandikwa jina la mtu, mdundo hauandikwi, mimi sijawahi kuuona mantiki yake). Mwenyewe alisema haimnyimi usingizi, ila kutumia kazi ya mtu bila kumlipa ni kukosa heshima.

Toka miaka ya 1970 alihamia Madison, Wisconsin, na kwa miaka mingi ukitaka kumwona ulikuwa unaenda tu klabu Jumatatu usiku unamkuta anapiga na bendi yake. Alipougua saratani mwanamuziki Prince ndo alimlipia bili za hospitali, kama dola 90,000 hivi, kimyakimya, na watu walikuja kujua Prince alipofariki 2016. Clyde naye akaondoka Februari 2017, figo.