Kofia ya Mchawi kwenye Jalada Haitoshi

Kazi yangu ni kuwatafutia wasomaji vitabu maktabani, na hakuna ombi linalonichosha kama la yule anayetaka riwaya tulivu ya upelelezi, yaani ile ambayo mtu wa kawaida humsaka muuaji bila ukatili mwingi kuelezwa, yenye uchawi, mapishi na mji mdogo, kisha akaongeza kwamba nimpe mwandishi yeyote kwa kuwa wote wanaandika kitabu kilekile. Kauli hiyo naisikia kwa wanaozipenda riwaya hizi na kwa wanaozidharau, na pande zote mbili zinapotea njia kwa namna moja: wanahesabu vilivyochorwa kwenye jalada, yaani paka, keki na kofia iliyochongoka, badala ya kuuliza kila kimoja kinafanya kazi gani ndani ya kisa.

Kwa anayeamini kwamba viungo hivyo vitatu vikikutana basi riwaya ya upelelezi imekamilika, jibu langu ni Heather Webber. Riwaya yake ya mwaka 2019, Midnight at the Blackbird Café, ina mji mdogo katika jimbo la Alabama, ina mkahawa, na ina pai ambazo mlaji wake hupata ndotoni ujumbe kutoka kwa mpendwa wake aliyefariki. Hakuna kilichokosekana, ila si riwaya ya upelelezi hata kidogo, na msomaji aliyeiazima ili amsake muuaji huirudisha akiwa amenuna. Mwandishi huyohuyo, akitumia jina la Heather Blake, ndiye aliyeandika mfululizo wa Wishcraft ulioanza mwaka 2012, ambao una maiti, washukiwa na mpelelezi asiyetakiwa na polisi. Mtu mmoja, majina mawili, ahadi mbili tofauti kwa msomaji.

Hapo ndipo nashauri watu watafute mfululizo kabla ya kumtafuta mwandishi, kwa sababu tanzu hii imejaa lakabu. Cleo Coyle ni mke na mume, Alice Alfonsi na Marc Cerasini. Wao hao waliwahi kutumia jina la Alice Kimberly kwa mfululizo wa duka la vitabu lenye mzimu. Avery Aames wa mfululizo wa duka la jibini ni Daryl Wood Gerber, ambaye kwa jina lake halisi anaandika pia kuhusu bustani za vibwengo. Anayefuata jina moja tu atazikosa nusu ya kazi anazozitaka, na katalogi nyingi hazimsaidii.

Sasa nije kwenye uchawi, ambao ndio unaonitoa jasho. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi wa Uingereza aliyeandika pia riwaya za upelelezi, alitoa amri kumi za uandishi huo, na mojawapo iliondoa kabisa nguvu zisizo za kawaida. Sababu yake ilikuwa ya haki: msomaji anashindana na mpelelezi, kwa hiyo ni lazima apewe vidokezo vilevile, na mzimu unaonong'ona jina la muuaji unamnyang'anya msomaji mchezo wake. Wanaozidharau riwaya za wachawi husimama hapo na kuuliza kwa ushindi kwamba, ikiwa mhusika mkuu ni mchawi, kwa nini asimtaje muuaji katika sura ya pili na sote tukalala mapema.

Swali hilo ni halali, na namna mwandishi anavyolijibu ndiyo kipimo ninachokitumia kumpanga. Mwandishi mzuri huweka mipaka ya uchawi wake mapema, akaieleza waziwazi, kisha akaiheshimu hata pale inapomtia taabu. Katika Wishcraft, Darcy Merriweather anaweza kutimiza matakwa ya wengine lakini hawezi kujitimizia yake mwenyewe, hivyo kutamani kumjua muuaji hakumfikishi popote na inambidi aulize maswali kama sisi sote. Kwa Alice Kimberly, mzimu ni wa mpelelezi wa kulipwa aliyepigwa risasi mwaka 1949 katika jengo lenye duka hilo; ana uzoefu wa kazi na kejeli za kutosha, lakini hajui yaliyotendeka mahali ambapo hakuwapo, na anachompa mwenye duka ni mbinu, si majibu. Kwa Ellery Adams, katika mfululizo wa duka la pai ulioanza mwaka 2012, hisia za mpishi hupenya ndani ya unga na kumwingia mlaji: akioka kwa hasira, mlaji naye hukasirika. Jambo hilo haliwezi kumtambulisha muuaji, lakini linaweza kumfanya mshukiwa aropoke, na maneno aliyoropoka yanabaki mbele ya msomaji ayapime mwenyewe. Uchawi wa namna hiyo hauvunji kanuni ya Knox katika roho yake, hata kama unaivunja katika herufi.

Mwandishi mbaya hufanya kinyume. Ananyamaza kuhusu mipaka, kisha katika sura ya mwisho mhusika anagundua kipawa ambacho hakikutajwa katika kurasa zote zilizotangulia, na kipawa hicho ndicho kinachomfunga muuaji. Kuna pia yule ambaye nguvu za shujaa wake huchoka kila zinapohitajika na kupona kila hatari inapopita. Wote wawili siwapendekezi kwa mtu, hata jalada likiwa na paka watatu.

Hata hivyo, nakiri kwamba mpaka kati ya akili na uchawi si imara kama ninavyouchora. Miss Marple, mpelelezi wa Agatha Christie ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930, mara nyingi humshuku mtu kwa kuwa anamkumbusha mwanakijiji fulani aliyewahi kuwa na hila kama hiyo, nasi tunaita hilo akili. Lily Ivory, mchawi katika riwaya za Juliet Blackwell, hugusa nguo kuukuu katika duka lake na kuhisi mitetemo ya waliozivaa, nasi tunaita hilo uchawi. Ikiwa wote wawili wanapata shaka kwanza na ushahidi baadaye, sina hakika kwamba wa kwanza anastahili heshima zaidi ya wa pili.

Kuhusu mapishi nitasema machache. Virginia Rich alikwisha kumfanya mpishi kuwa mpelelezi mwaka 1982, Diane Mott Davidson akafuata mwaka 1990 na mwandaaji wake wa vyakula vya karamu, na Joanne Fluke mwaka 2000 na mwokaji wa biskuti wa Lake Eden, Minnesota. Chakula kina kazi mbili: kinamfungulia mhusika milango ya nyumba zote, na kinamtia matatani, kwa sababu mtu akianguka baada ya kula, wa kwanza kutazamwa ni aliyepika. Ikiwa unaweza kumgeuza mwokaji kuwa fundi wa saa na kisa kisibadilike, basi maelekezo ya keki yaliyomo kitabuni ni pambo tu.

Mji mdogo nao si lazima uwe mdogo. Bailey Cates amemweka mwokaji wake mchawi katika jiji la Savannah, Lily Ivory yuko San Francisco, na duka la kahawa katika riwaya za Cleo Coyle liko New York. Kinachotakiwa ni watu wachache wanaojuana, wanaokutana kila siku na wasioweza kukimbiana, na mtaa mmoja unatosha.

Kwa hiyo anayetaka vyote vitatu vikifanya kazi kwa pamoja namwanzishia kwa Ellery Adams au Bailey Cates, na kwa kitabu cha kwanza cha mfululizo, kwani mipaka ya uchawi hufafanuliwa humo na vitabu vinavyofuata huichukulia kuwa inajulikana. Nancy Atherton ndiye anayenishinda. Mfululizo wake wa Aunt Dimity, ulioanza mwaka 1992, una kijiji cha Uingereza, una mzimu mpole unaoandika majibu yake katika daftari, una hata maelekezo ya mapishi, lakini kitabu cha kwanza hakina mauaji. Maktaba nyingi humweka kwenye rafu ya upelelezi, nami pia nimemwacha hapo, ila kila anayemwazima namwonya mapema kwamba maiti haimo.