Torki na nguvufarasi: namna ya kulinganisha injini za sedani za kifahari zenye kasi

Mtu anapolinganisha sedani mbili za kifahari zenye kasi, kwanza hutazama nguvufarasi, kisha torki, na mara nyingi hubaki akijiuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo muhimu zaidi. Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu nguvufarasi si kitu kilichojitenga na torki. Ni torki hiyohiyo ikiunganishwa na kasi ambayo injini inazunguka.

Torki ni nguvu ya kuzungusha. Ukikaza nati kwa spana yenye urefu wa nusu mita na mkono wako ukasukuma ncha yake kwa nguvu ya nyutoni 100, nati hupata torki ya nyutoni mita 50, hata kama imeshika kutu na haisogei. Hapo torki ipo, lakini hakuna kazi iliyofanyika. Nguvufarasi hupatikana pale tu mzunguko unapoanza, nayo hupima kazi inayofanyika kwa kila sekunde. Kanuni yake ni fupi: zidisha torki kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9,549, nawe utapata kilowati, yaani kipimo kingine cha kile kile kinachopimwa kwa nguvufarasi.

Tuchukue mahasimu wawili wa Ujerumani wa mwaka 2006. BMW M5 ilikuwa na injini ya V10 (silinda kumi zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 5.0, iliyotoa nguvufarasi 507 kwenye mizunguko 7,750 na torki ya nyutoni mita 520 kwenye mizunguko 6,100. (Marekani injini hiyohiyo ilitangazwa kuwa na nguvufarasi 500, haikupunguzwa chochote, ila kipimo cha farasi kinachotumika huko ni kikubwa kidogo kuliko cha Ulaya.) Mercedes-Benz E 63 AMG ilikuja na V8, yaani ya silinda nane, ya lita 6.2, yenye nguvufarasi 514 kwenye mizunguko 6,800 na torki ya nyutoni mita 630 kwenye mizunguko 5,200. Zote mbili hazikuwa na turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), na zote zilisukuma magurudumu ya nyuma.

Kwa nguvufarasi magari haya ni kama pacha, ila ukifanya hesabu kwenye mizunguko 5,200 utaona mengine. AMG hutoa takriban kilowati 343 hapo, ilhali M5, hata tukiipa torki yake ya juu kabisa kabla haijaifikia, haivuki 283. M5 hulipa deni hilo huko juu: inapofika mizunguko 7,750, torki yake imekwisha kushuka hadi kama nyutoni mita 460, lakini kwa kuwa inazunguka kwa kasi kubwa, kilowati zimepanda hadi 373. Injini inayokubali kuzunguka sana inaweza pia kubaki muda mrefu zaidi kwenye gia ndogo, na gia ndogo huzidisha torki inayofika kwenye magurudumu. Ndiyo maana torki ya injini, ikisomwa bila gia, haikuambii gari litavuta vipi.

Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, viwanda vilitangaza sekunde 4.7 kwa M5 na 4.5 kwa AMG. Kwa dereva, tofauti ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Anayetaka kulipita lori akiwa na AMG hukanyaga mafuta na gari likaondoka. Mwenye M5 sharti kwanza ashushe gia, pengine mbili, ndipo injini iamke. Wapo wanaoipenda V10 kwa sababu hiyohiyo, nami siwalaumu, lakini hayo ni mapenzi ya sauti na mzunguko, hayahusu wepesi wa gari.

Turbo ndiyo iliyobadilisha mashindano haya. M5 iliyotoka mwaka 2011 ilipunguziwa silinda hadi V8 ya lita 4.4 yenye turbo mbili, na torki yake ya nyutoni mita 680 ilianza kwenye mizunguko 1,500 tu na kuendelea bila kushuka hadi 5,750. Ukiona torki iliyotandazwa namna hiyo, ujue kilele chake si habari kubwa. Habari ni upana wake.

Hata hivyo, injini haiwezi kutumia barabarani nguvu ambayo matairi hayaishiki. M5 hiyo ya nguvufarasi 560 ilihitaji sekunde 4.4 kufika kilomita 100. Iliyofuata, mwaka 2017, ilikuwa na nguvufarasi 600 na uzito unaokaribiana, ikafika kwa sekunde 3.4. Farasi 40 hawawezi kuleta sekunde nzima. Yaliyoileta ni magurudumu ya mbele, yaliyoanza kusukumwa kwa mara ya kwanza katika ukoo wa M5.

Kisha kuna uzito. M5 ya mwaka 2024 imeunganisha V8 na mota ya umeme, ikapata nguvufarasi 727 na torki ya nyutoni mita 1,000, lakini betri na vifaa vyake vimeifikisha kwenye kilo zaidi ya 2,400, wakati iliyotangulia ilikuwa chini ya 1,900. Kila farasi wa gari jipya anabeba takriban kilo 3.3, na wa lile la zamani alibeba 3.1. Muda uliotangazwa kwa gari jipya ni sekunde 3.5.