Seva ya nyumbani: anza na LUKU, RAM baadae

Kila anayeniuliza anunue mashine gani ya seva anaanza na RAM. Mi naanza na LUKU, yani umeme. Seva, yani kompyuta inayotunza picha na video zenu muda wote, haizimwi, inakula umeme hata mkiwa mmelala wote, sasa lile likompyuta la mezani ulilopewa bure ofisini likivuta wati 60 limekaa tu, kwa mwezi ni uniti 43 na ushee, na kama uko kwenye tarifu ya uniti 75 kwa mwezi basi friji, feni na taa zigombanie zilizobaki.

Tafuta vile vidogo vya mtumba, OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny au EliteDesk Mini, prosesa iwe na T mwishoni kama i5-6500T. T ni wati 35 badala ya 65, na ikiwa haina kazi mashine nzima inashuka mpaka wati 10 hivi, yani uniti 7 kwa mwezi. Ukipata 7500T ni bora zaidi kama utaweka Jellyfin (programu ya kuangalia muvi zako), maana kizazi cha 7 ndo kinafungua video za H.265 ya biti 10 bila kuhangaisha prosesa. Raspberry Pi nayo haina neno, ila usiiendeshe kwa memori kadi, umeme wetu huu wa kukatika utaiua.

Laptop iliyovunjika kioo pia poa, betri yake ndo UPS yako. Ikianza kuvimba itoe.

Halafu ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe), tafuta AC Recovery, yani mashine ifanye nini umeme ukirudi, weka Power On. Bila hiyo umeme ukirudi utakuwa unampigia dogo nyumbani akabonyeze.

Kwenye kontena, yani programu unazoziendesha kila moja kwenye boksi lake kwa Docker, nilishaumia. Niliandika mwenyewe faili la compose (maelezo ya kontena za kuwasha) la Immich, programu ya kutunza picha, kwenye database yake ya Postgres 16 nikasahau mstari wa volumes, unaosema data ikae wapi. Ikapiga kazi miezi, siku moja nikafanya `docker compose down`, kisha `up`, nakuta peupe kama imewekwa leo. Kumbe data bado ilikuwepo, Docker ilikuwa imeitunza kwenye volyumu (hifadhi) isiyo na jina, ila mi kwa kiherehere nilishapiga `docker volume prune`, inayofuta volyumu zisizotumika, kupata nafasi, kwisha habari. Picha zenyewe zilibaki kwenye diski, ila albamu na majina ya sura za ndugu wote niliyokaa wiki nzima naandika, yote chali. Mstari wenyewe ni huu tu:

`- ./db:/var/lib/postgresql/data`

Folda unaiona kwa macho, unaikopi popote, ila simamisha kontena kwanza ndo ukopi.

Na poti jamani, mlango wa mtandao wa kuingilia kwenye programu. Ukiandika `5432:5432` Docker inajiwekea sheria zake kwenye iptables (sheria za mtandao za Linux), ufw, ile firewall yako, inakwambia imefunga kumbe imepitwa pembeni. Andika `127.0.0.1:5432:5432` mlango ufunguke kwa mashine yenyewe tu, au ufute kabisa huo mstari, kontena za compose moja zinaitana kwa majina zenyewe.