Kuchora "kwa kumfuata Leonardo": maana yake ni nini?

Ingia sebuleni kwa Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki, utaikuta ukutani: meza ndefu, kitambaa cheupe, Yesu katikati, mitume sita huku na sita kule. Kwa wengine iko kwenye fremu ya kioo, kwa wengine imefumwa kwenye zulia la ukutani, na kwa wengine ni kalenda ambayo mwaka wake ulishapita zamani lakini hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Mimi niliikuta kwa bibi, na kwa miaka mingi nilidhani Karamu ya Mwisho ndivyo inavyoonekana, basi. Sikujua kwamba ni mawazo ya mtu mmoja, Leonardo da Vinci, aliyeichora kati ya 1495 na 1498 kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa Wadominiko, Santa Maria delle Grazie, mjini Milan.

Nimeanza na picha hii kwa sababu inafafanua vizuri dhana inayowatatiza watu wakutanapo na sanaa ya leo. Msanii aliye hai anatengeneza kazi mpya, kisha anasema waziwazi kwamba ameifanya kwa kumfuata bwana fulani wa Renesansi, yaani ule mwamko wa sanaa wa Ulaya wa karne ya 15 na 16. Mtazamaji anauliza, na ana haki ya kuuliza: huyu amenakili? Ameiba? Ameishiwa na yake?

Washairi wa pwani walishalijibu swali hili, na jibu lao lina jina: takhmisa. Katika takhmisa mshairi huchukua ubeti wa mwenzake aliyemtangulia na kuutilia mishororo yake mpaka itimie mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alizifanyia hivyo beti zinazohusishwa na Fumo Liyongo. Angalia masharti ya kazi hiyo. Mwenye ubeti wa kwanza hafichwi. Anayeongeza hana uhuru wa kujiendea, maana amefungwa na vina na mizani alivyovikuta. Na kwa kuwa mishororo mipya hutangulia, ukifika kwenye ile ya zamani unaisoma kwa macho mengine. Sijaona maelezo bora kuliko haya ya kile wanachokifanya wachoraji wa leo kwa mabwana wa kale. Nakala inataka ifanane tu na asili. Kazi ya bandia inataka kukudanganya. Takhmisa inataka uwaone wawili kwa pamoja.

Lakini picha ina vina na mizani gani? Kwa Leonardo, kila kitu kimejengwa juu ya sentensi moja: "Mmoja wenu atanisaliti." Amechora ile nukta ya kwanza baada ya maneno hayo kutoka. Mitume wamegawanyika watatu watatu, wengine wanasimama, wengine wananong'ona, mikono inauliza kabla ya midomo. Mistari yote ya dari na kuta inakimbilia kichwani pa Yesu, aliyetulia peke yake. Na Yuda? Wachoraji kadhaa waliomtangulia walimtenga, wakamweka upande wa pili wa meza ili hata mtoto amjue. Leonardo akamketisha katikati ya wenzake. Amerudi nyuma kidogo, kashika mfuko wa fedha, na inabidi umtafute.

Zeng Fanzhi wa Uchina aliushika mshororo huo hasa. Katika picha yake ya 2001 meza ni ileile na mpangilio ni uleule, ila walioketi ni vijana waliovaa vinyago, na skafu nyekundu za chipukizi wa Chama cha Kikomunisti zikiwa shingoni, wanakula tikiti maji. Mmoja tu hana skafu. Amevaa tai ya manjano, tai ya Kizungu, naye amekaa pale pa Yuda. Bila Leonardo, hiyo ni tai tu. Ukimkumbuka Leonardo, swali zima la nchi iliyokuwa ikihamia kwenye soko na fedha limekaa shingoni mwa mtu mmoja. Mwaka 2013 picha hiyo iliuzwa Hong Kong kwa dola milioni 180 za huko, na magazeti yakaandika bei kuliko tai, jambo ambalo linanisikitisha.

Mary Beth Edelson, Mmarekani, alikuwa ametangulia mwaka 1972 kwa njia rahisi zaidi: alibandika nyuso za wasanii wanawake juu ya zile za mitume, na mahali pa Yesu akamweka mchoraji Georgia O'Keeffe. Ukiitazama unagundua kwamba hukuwahi kujiuliza kwa nini meza ile ni ya wanaume watupu.

Andy Warhol, msanii mwingine wa Marekani, alishika jambo jingine. Leonardo alipaka rangi juu ya plasta kavu, na picha ikaanza kubambuka yeye mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1652 watawa walitoboa mlango, miguu ya Yesu ikaondoka. Mwaka 1943 bomu liliangusha sehemu ya jengo. Ukarabati mkubwa wa mwisho ulichukua zaidi ya miaka ishirini, hadi 1999. Kwa hiyo tunachokijua wengi wetu ni nakala ya nakala, na Warhol, mwana wa familia ya Kikatoliki, alifanyia kazi nakala za bei rahisi kama zile za sebuleni. Alitengeneza zaidi ya kazi mia moja. Katika mojawapo aliweka nembo ya sabuni ya Dove, ambayo ni njiwa, juu ya meza. Wapo wanaoona kejeli. Mimi nakumbuka kwamba alikuwa mtu wa kuingia kanisani, na kwamba njiwa ni Roho Mtakatifu. Kazi hizo zilionyeshwa Milan Januari 1987, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye ukuta wa Leonardo. Warhol alifariki tarehe 22 Februari.

Si kila meza ya watu kumi na watatu ni takhmisa, lakini. Mabango yanayowapanga wachezaji mpira au waigizaji mahali pa mitume yameazima viti tu. Ukitoka pale, picha ya Leonardo iko vilevile ulivyoiacha.

Yalinganishe na kazi ya Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Mwaka 2013 aliipanga karamu hiyo kwa masanamu yaliyovishwa vitenge, vitambaa tunavyoviita vya Kiafrika ingawa Waholanzi walivitengeneza kwa kuiga batiki za Indonesia. Mahali pa Yesu ameketi Bacchus, mungu wa mvinyo, mwenye miguu ya mbuzi. Walioizunguka meza hawana vichwa. Hakuna uso wa kushtuka, hakuna macho ya kuuliza, imebaki mikono. Nilipoirudia picha ya bibi baada ya hapo, kwa mara ya kwanza niliitazama mikono: wa Tomaso umenyoosha kidole juu, na wa Yuda unaelekea sahani ileile unayoielekea wa Yesu.