Hifadhi kuu ya data si diski kubwa

Juzi hapa Malindi nilimsikia kijana anayesomea kompyuta akiwaeleza wenzake jinsi wanasayansi wanaounganisha viini vya atomu wanavyotunza vipimo vyao. "Wana hifadhi kuu," akasema, "yaani diski moja kubwa, kila kitu wanatia mle." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno.

Hifadhi kuu ya data ni utaratibu mmoja wa kupokea, kutambulisha na kulinda vipimo vyote vya jaribio, ili kila mtafiti aulize kwa njia moja na apate jibu lile lile.

Neno lenyewe ndilo linaloonewa. "Hifadhi" limetoka Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kulinda na kushika moyoni. Mtoto wa madrasa akihifadhi Kurani hatusemi ameirundika kichwani. Anaijua kwa sura na aya. Mwanzishie popote, ataendelea. Tena sisi wa Malindi tuna hifadhi ya bahari tangu 1968. Je, samaki walizolewa wakatiwa bwawa moja? Changu yuko kwenye mwamba wake, kasa kwenye majani yake. Kilicho kimoja ni mpaka na sheria.

Na "kuu" si "kubwa". Mtambo wa JET kule Culham, Uingereza, uliojengwa kwa majaribio hayo ya kuunganisha viini, ulipiga mipigo 105,842 ya plazima kati ya 1983 na 2023, kila mmoja na nambari yake. Plazima ni gesi yenye joto kali mno ambayo atomu zake zimepoteza elektroni; mpigo ni jaribio moja fupi la kuiwasha. Ndani ya mpigo mmoja, koili za sumaku, kamera na vipima joto hupima kwa kasi zisizolingana hata kidogo. Kila chombo kikifuata saa yake, hutajua plazima ilitikisika kwanza ndipo ikapoa, au ilipoa kwanza. Hapo vipimo vyote vipo, na havina faida. Kwa hiyo anayebuni hifadhi kuu huanza na nambari ya mpigo na saa ya pamoja; diski huja baadaye.

Mfumo wa MDSplus, uliotengenezwa na chuo cha MIT na maabara ya Los Alamos za Marekani, pamoja na watafiti wa Padova, Italia, hupanga vipimo vya kila mpigo kama mti wenye matawi. Matawi ya mti huo yanaweza kukaa kwenye seva mbalimbali. Msomaji hutaja jina la kipimo na nambari ya mpigo, akaletewa.

Wengine huiita hifadhi kuu "nakala ya akiba". Hapana. Nakala hukuokoa diski ikiharibika, lakini kipimo chenye kosa hunakiliwa na kosa lake. Hifadhi iliyobuniwa vizuri huacha data ghafi ilivyo, na masahihisho huandikwa kando yake yakiwa na nambari ya toleo.

Basi, mwanangu, ile mashine yenye diski iite seva, hakuna ubaya. Hifadhi kuu ni ule mpango unaoiambia seva kipimo hiki ni cha mpigo gani, na kilichukuliwa sekunde ipi.